Zikue Bila Machozi: Mwongozo wa Nywele za Watoto Wadogo

Mzazi wa mtoto wa miaka miwili akiingia duka la vipodozi kuulizia mafuta ya kukuza nywele, hatakosa la kuuziwa. Kopo litakuwa na picha ya mtoto mwenye nywele zilizojaa, na muuzaji atamwambia ampake mwanawe asubuhi na jioni. Ningemwomba mzazi huyo airudishe pesa yake mfukoni kwanza, akamtazame mtoto kichwani kwenye mwanga wa kutosha. Nywele zimekatika wapi? Ngozi ina hali gani? Nani alimsuka mara ya mwisho, na alikaza kiasi gani? Nywele za watoto wengi zinaota vizuri tu. Sisi watu wazima ndio tunaozikata, tunaozing'oa na tunaozikausha kabla hazijapata nafasi ya kurefuka.

Mtoto huzaliwa na vishimo vyote vya nywele atakavyokuwa navyo maishani, takriban 100,000 kichwani. Viliumbika akiwa tumboni mwa mama yake, na hakuna mafuta yanayoongeza hata kimoja. Sehemu ya unywele iliyo hai iko chini ya ngozi, ndani ya kishimo hicho, na huko ndiko unakotengenezwa kwa protini na madini yanayoletwa na damu. Ule unaouona nje hauna uhai. Ukipasuka au kukatika haujiponyi. Basi kazi yako ni kukilisha na kukilinda kile kishimo, na kuutendea kwa upole unywele uliokwisha kutoka.

Kwa wastani nywele za kichwani huongezeka karibu sentimita 1 kwa mwezi. Za kipilipili hukua polepole kidogo kuliko za singa, na kwa kuwa zimejikunja, urefu wake mwingi haujitokezi mpaka uzivute. Mama anayesema nywele za binti yake zimegoma kwenye kimo kimoja mwaka mzima, mara nyingi anaona ncha zinazokatika kwa kasi ileile ambayo shina linaongezeka.

Mwaka wa kwanza

Usishtuke nywele za mtoto mchanga zikipukutika. Nyingi kati ya zile alizozaliwa nazo hufika mwisho wa zamu yake kwa pamoja, zikadondoka katika miezi michache ya mwanzo na kupisha nyingine. Mpya zinaweza kuja na rangi au mkunjo tofauti kabisa. Kile kipara cha kisogoni nacho hutokea hapo kati, kisha huonekana zaidi kwa sababu mtoto analala chali akisugua kichwa kwenye shuka. Aendelee kulala chali, maana ndivyo anavyopumua kwa usalama. Akiwa macho na wewe uko karibu, mlaze kifudifudi acheze. Akishaanza kukaa mwenyewe, kipara hicho hufunikwa.

Suala la kunyoa lina maneno mengi. Familia za Kiislamu, Pwani na kwingineko, humnyoa mtoto siku ya 7, siku ya akika, na kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele zake. Hiyo ni ibada, na ina heshima yake. Lakini wapo wanaomnyoa mtoto tena na tena wakitumaini zijazo zitakuwa nzito zaidi. Wembe haufiki kwenye kishimo. Mwaka 1928 mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, alichapisha vipimo vya ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa mara kwa mara. Hakuona zikiongezeka unene wala kasi ya kuota. Baada ya kunyolewa unywele huwa na ncha butu, ndiyo maana mkono unahisi kitu kigumu. Ukiamua kunyoa, tumia wembe mpya ambao haujamgusa mtu mwingine, kwani wembe wa kuazimana unaweza kupitisha homa ya ini aina ya B na VVU. Kwenye utosi pita taratibu sana.

Magamba ya manjano yanayonata kichwani mwa mtoto mchanga huondoka yenyewe kwa muda. Ukitaka kuyapunguza, mpake mafuta kidogo, subiri yalainike, yasugue kwa kitambaa au brashi laini, kisha osha mafuta yote kwa shampuu ya watoto. Usiyabandue kwa kucha.

Sahani kabla ya kopo la mafuta

Nywele ni protini, na mwili wenye njaa hauna cha kupeleka kichwani. Wahudumu wa kliniki wanaijua dalili hii: mtoto ambaye nywele zake zilikuwa nyeusi na za kujikunja zinaanza kuwa nyekundunyekundu, laini, zimenyooka, na ukizishika zinakuja mkononi naye hata hasikii maumivu. Miguu ikivimba pamoja na hayo, ni kwashakoo, na hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Daktari Cicely Williams, alipoueleza ugonjwa huo mwaka 1933 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, aliuhusisha na watoto walioachishwa ziwa wakawa wanalishwa mahindi matupu. Hadi sasa hiyo ndiyo hatari ya nyumba nyingi: mtoto anashiba uji lakini hapati kitoweo.

Maziwa ya mama pekee yanatosha miezi 6 ya mwanzo. Baada ya hapo, kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili. Dagaa waliosafishwa, wakakaushwa na kusagwa wakawa unga ni miongoni mwa vyakula bora vya bei nafuu tulivyonavyo. Kijiko kimoja kwenye uji au mboga kinabadilisha mlo. Yai, maharage yaliyopondwa, kunde, samaki aliyetolewa miiba na karanga zilizosagwa vinafaa pia. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo, zinaweza kumkaba. Nao uji wa lishe, ukiwa umechanganywa nafaka aina saba bila kitoweo, bado ni nafaka.

Madini ya chuma yakipungua, damu hupungua na nywele hunyauka. Maini, nyama, dagaa, mchicha, matembele na kisamvu vina chuma. Kile cha mboga huingia mwilini vizuri zaidi mtoto akila pamoja na chungwa, embe au tone la ndimu. Chai hufanya kinyume: huzuia chuma kisifyonzwe. Kikombe cha chai pamoja na wali na mchicha kinampunguzia mtoto faida ya ule mchicha, kwa hiyo mpe maji. Usikose pia zile siku za kliniki za matone ya vitamini A na dawa za minyoo, zinazotolewa mara mbili kwa mwaka. Baadhi ya minyoo hunyonya damu ambayo mtoto anaihitaji. Ila usimnunulie vidonge vya vitamini kwa ajili ya nywele. Vitamini A ikizidi mwilini, moja ya dalili zake ni nywele kunyonyoka.

Siku ya kuosha

Nywele za kipilipili ni kavu kwa maumbile, kwa sababu mafuta ya ngozi hayawezi kuteremka vizuri kwenye unywele uliojikunja. Kuziosha kila siku kunazikausha zaidi. Mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili kunatosha. Mtoto anayecheza mchangani au aliyeogelea baharini, msuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, hata bila shampuu.

Chagua saa ambayo ameshakula na hana usingizi. Mkalishe kwenye kigoda katikati ya magoti yako, akiwa na kitu cha kuchezea, umwambie unachotaka kufanya. Fumua kilichosukwa kwa vidole. Uzi uliong'ang'ania ukate kwa mkasi wenye ncha butu. Gawa nywele mafungu manne na kila fungu ulisokote kwa kulegeza, ili zisirudi kujifunga zikiwa na maji. Lowesha kwa maji ya vuguvugu. Shampuu ya watoto itie kwenye ngozi, usugue kwa nyama za vidole, na povu liteleze lenyewe kuelekea kwenye ncha. Usizirundike zote utosini ukazifikicha kama unafua soksi, maana hapo ndipo mafundo yanapozaliwa.

Kisha kondishena, nayo usiibanie. Fungua fungu moja tu. Kwa mkono wa kushoto lishike karibu na ngozi, uzikamate nywele vidoleni, ili chochote utakachovuta kiishie kwenye vidole vyako kisifike kichwani mwake. Kwa mkono wa kulia anza kuchambua ncha kwa vidole. Zikishaachia, chukua chanuo la meno mapana: pitisha kwenye ncha, panda kidogo, rudi kwenye ncha, panda tena, hadi ufike kwenye shina. Ukikuta fundo, liongezee kondishena na ulipasue kwa vidole viwili. Wengi wetu tulichanwa kuanzia kwenye shina, nywele zikiwa kavu, na kofi la bega juu yake tulipolia. Nywele nyingi za watoto huishia kwenye chanuo la namna hiyo.

Suuza, kausha kwa kukandamiza taulo au fulana ya pamba iliyochakaa, bila kusugua. Nywele zikiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo ili maji yasitoroke. Mafuta ya nazi nayapenda kuliko yote: ni ya kwetu, na uchunguzi umeonyesha kuwa hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Ya mnyonyo ni mazito, huzivika nywele vizuri, lakini hayaoteshi nywele zaidi ya mengine. Nusu kijiko cha chai kinatosha kichwa cha mtoto wa miaka mitatu. Mafuta mengi kwenye ngozi hukusanya vumbi na kuongeza mba. Zile krimu zinazowasha na kutoa ubaridi kichwani ziache; mtoto hujishika kichwa kisha akajifikicha macho.

Usiku, mtoto aliyevuka umri wa kunyonya anaweza kulalia foronya ya satini, inayoteleza kuliko pamba. Mtoto mchanga usimfunge kitambaa wala kumvalisha kofia kitandani, kisije kikamziba pua.

Kwa msusi

Hapa ningependa nisikilizwe kuliko mahali pengine pote. Binti wa miaka minne anakalishwa saa tatu, kichwa kimeinamishwa, na kila akilia anaambiwa avumilie apendeze. Anatoka nyusi zimevutwa juu, ngozi ya paji inang'aa. Usiku analala kwa shida, na mama anampa dawa ya maumivu. Asubuhi kuna vijipele vyeupe kwenye ukingo wa nywele. Tumeizoea picha hii hata tukaiona kuwa ni sehemu ya malezi.

Kila moja ya dalili hizo inasema kishimo kinavutwa kuliko kinavyoweza kustahimili. Mwanzoni nywele zinazong'oka hurudi. Kuvuta kukiendelea miaka, kishimo hupata kovu na kufunga kabisa. Ndipo unamwona msichana wa sekondari ambaye nywele zake zinaanzia katikati ya kichwa. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town, Afrika Kusini, na wenzake waliwachunguza watoto wa shule huko, na mwaka 2007 wakachapisha matokeo: karibu 17 katika kila wasichana 100 walikuwa na upara wa kuvutwa, wengine wakiwa bado na miaka sita au saba. Wavulana hawakuwa nao. Na wenye nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha waliathirika zaidi kuliko wenye nywele za asili.

Basi sheria iwe hii: msuko ukiuma, umekazwa mno, na ufumuliwe siku hiyohiyo, hata kama umeshalipa na kesho ni harusi. Dawa ya maumivu haipaswi kuwa sehemu ya kusuka.

Kabla msusi hajaanza, mwambie unachotaka, na usione haya kwa sababu yeye ni mkubwa kwako au ni shangazi wa mtoto. Aache zile nywele laini za mbele na za juu ya masikio, asizilazimishe kuingia kwenye mstari. Mistari iwe minene na michache. Twende kilioni ya nywele zake mwenyewe, iliyolegea kiasi cha mtoto kucheka na kufumba macho bila kusikia mvuto, ni msuko mzuri kabisa. Mabutu pia, ila mwelekeo ubadilishwe kila mara, sehemu moja isivutwe mwezi baada ya mwezi. Rasta na shanga nyingi ni uzito juu ya shina changa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ningeziacha. Raba bendi tupu hukata nywele, kwa hiyo tumia vibanio vilivyofunikwa kitambaa, na raba iliyokwisha kufungwa ikate kwa mkasi badala ya kuivuta. Msuko ukae wiki mbili, usizidi sana, kisha kichwa kipumzike siku kadhaa.

Sikukuu zina mtego wake. Mkesha wa Idi au Krismasi msusi ana foleni hadi barazani, na mkono wenye haraka hukaza. Mpeleke mtoto siku tatu kabla, au msuke mwenyewe kwa urahisi. Mtoto asiyefikisha mwaka hana haja ya kusukwa.

Kuhusu dawa ya kulainisha nywele, sitasema mengi: mtoto asiwekwe. Ni kemikali kali inayounguza ngozi, ikiingia jichoni ni ajali, na mtoto akiilamba huweza kuunguza koo. Zile zilizoandikwa kuwa ni za watoto nazo hufanya kazi kwa kuvunja unywele ili ulainike. Hata kopo lake lihifadhiwe asipolifikia.

Nywele fupi pia ni uamuzi mzuri. Shule nyingi zinadai hivyo, na mtoto mwenye nywele fupi hupona chanuo na msuko kwa pamoja. Kinachobaki kutazamwa ni mashine ya kinyozi.

Mapunye

Mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi, ni fangasi wa kichwani. Huwapata hasa watoto wa umri wa chekechea na shule ya msingi. Huanza kama doa la mviringo lenye magamba ya kijivu. Ukisogea karibu utaona nywele zimekatika usawa wa ngozi, zikaacha vidoti vyeusi. Mtoto hujikuna, tezi za nyuma ya shingo zinaweza kuvimba. Hayatokani na uchafu wa mama yeyote. Husambaa kwa mashine, vichanuo, kofia, mito na vichwa vinavyogusana darasani. Hata paka au mbwa anaweza kuwa chanzo.

Fangasi huyu huingia ndani ya unywele wenyewe, ndiyo maana krimu ya kupaka peke yake haimtoi. Tiba ni dawa ya kumeza, kama grisiofulvini au tabinafini, inayopimwa kwa uzito wa mtoto na mhudumu wa afya. Huchukua wiki kadhaa, kwa kawaida kati ya 4 na 8. Grisiofulvini imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, mathalani maziwa au karanga za kusaga, ili iingie vizuri mwilini. Wazazi wengi huiacha wiki ya pili wakiona doa limetulia, na mwezi unaofuata wanaanza upya. Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki hupunguza kuambukiza wengine. Kagua vichwa vya watoto wote wa nyumbani, loweka vitana, fua foronya na kofia kwa maji ya moto.

Usimpake mafuta ya taa, dawa ya kuulia wadudu wala maji ya betri, iwe kwa mapunye au kwa chawa. Vyote vinaweza kumuunguza au kumpa sumu. Jihadhari pia na zile krimu za mchanganyiko zinazotuliza wekundu siku mbili huku fangasi akizidi kuenea kwa chini. Na kama doa limevimba, limekuwa tepetepe na linatoa usaha, si jipu la kupasuliwa. Ni mapunye yaliyowaka, na yakicheleweshwa huacha kovu lisiloota nywele.

Kwa kinyozi, omba meno ya mashine yasuguliwe kwa brashi na kusafishwa kwa dawa mbele yako kabla hayajamgusa mwanao. Kinyozi mwenye kujali hatakasirika. Familia yenye watoto watatu au wanne hufanya vizuri kununua mashine yake.

Wakati wa kwenda hospitali

Nywele zikidondoka kichwa kizima, kumbuka miezi miwili au mitatu iliyopita. Malaria kali au homa kubwa huzitikisa, na mtoto akiendelea kula vizuri hurudi zenyewe. Lakini kipara cha mviringo kilicho laini kabisa, kisicho na gamba wala kidoti, kinahitaji daktari: inaweza kuwa hali ambayo kinga ya mwili inashambulia vishimo vya nywele. Mpeleke vilevile anayejing'oa nywele mwenyewe, na umsikilize kwanza kuhusu yanayomsibu nyumbani au shuleni, bila kumgombeza. Nywele zinazopungua huku uzito nao unapungua, au mtoto amepauka na kuchoka, zisisubiri.

Siku ya kwenda, mfumue mapema na usimpake mafuta kichwani. Mhudumu atataka kuona ngozi, na huenda akakwangua magamba kidogo ili yapimwe. Beba dawa na krimu zote ulizokwisha kumpaka, hata ile uliyopewa na jirani, na picha za simu zinazoonyesha doa lilivyokuwa wiki zilizopita.